Mifereji ya Uingereza: Jinsi Njia ya Kazi Ilivyogeuka Njia ya Starehe

Msafiri afikaye Uingereza katika miezi ya joto, yaani tangu Juni hadi Agosti, huenda akaona jambo la kumstaajabisha. Nchi hiyo ina reli nyingi, barabara pana na viwanja vikubwa vya ndege, na watu wake wamezoea kuhesabu dakika. Hata hivyo, huko mashambani atawakuta watu wazima wamesimama katika tezi ya mashua ndefu nyembamba, wakisafiri polepole kuliko mtu aendeshaye baiskeli. Sheria ya mifereji haiwaruhusu kupita maili 4 kwa saa, yaani kilomita 6 na kitu. Hawana shehena, wala hawana soko la kuwahi. Jua likianza kushuka huifunga mashua ukingoni, karibu na nyumba yenye kibao kilichochorwa picha ya nanga au bata maji, nao huingia humo kula, kunywa na kuzungumza. Watu hao wamelipa fedha nyingi ili wapate kwenda polepole.

Sisi wa Kenya tusikiapo neno mfereji, hufikiri bomba la maji uani, au mtaro wa kumwagilia mashamba. Mfereji tutakaoueleza hapa ni mto uliochimbwa na wanadamu, wenye kina cha kutosha kupitisha mashua zenye mizigo mizito, na wenye njia ya miguu kando yake. Je, ni nani waliochimba mito hiyo, na kwa sababu gani? Ilikuwaje mahali palipojaa jasho na masizi pakageuka mahali pa mapumziko? Wahenga walinena kwamba mchumia juani hulia kivulini. Tukiifuata historia hii kwa makini tutaona kwamba aliyechuma juani mara nyingi siye aliyekula kivulini. Tena tutaona kwamba kivuli chenyewe kilikaribia kupotea, na kwamba kiliokolewa na watu wachache waliokataa kuiacha haki yao ilale.

Katikati ya karne ya 18 Uingereza ilikuwa na makaa ya mawe tele chini ya ardhi, lakini kuyafikisha mjini kulikuwa taabu kubwa. Barabara zilikuwa za udongo, na mvua iliponyesha magurudumu yalizama matopeni. Aghalabu mizigo ilibebwa juu ya migongo ya farasi, na farasi mmoja hakuweza kubeba zaidi ya kilo mia na ushee. Basi katika mahali paitwapo Worsley, karibu na mji wa Manchester, aliishi kijana mmoja tajiri, Francis Egerton, Duke wa tatu wa Bridgewater. Yeye alikuwa na machimbo ya makaa, na aliona kwamba faida yake yote inaliwa na gharama ya uchukuzi. Akaamua kuchimba mfereji tangu machimboni mwake hadi Manchester.

Kazi ya kuupanga mfereji huo alipewa James Brindley, fundi wa mashine za kusagia nafaka, aliyezaliwa mwaka wa 1716. Brindley hakusoma sana, na hata kuandika kulimpa shida. Lakini akili yake katika mambo ya maji ilikuwa kali mno. Yasemekana kwamba alipokutana na jambo gumu alikwenda kulala kitandani siku nzima, na alipoinuka alikuwa amekwisha kulipatia ufumbuzi. Mfereji ulipofika kwenye mto Irwell, Brindley hakuuteremsha mpaka mtoni. Alijenga daraja la mawe, na juu ya daraja hilo akapitisha maji yenyewe. Ili maji yasivuje, aliikandika sakafu ya mfereji kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa vizuri. Daraja hilo la Barton lilifunguliwa mwezi wa Julai 1761, na watu walikuja kutazama mashua moja ikipita angani na nyingine ikipita chini yake mtoni. Baada ya makaa kuanza kufika kwa njia ya maji, bei yake katika Manchester ilishuka karibu nusu.

Habari hiyo ilienea upesi. Mtu mmoja aliyeielewa vema alikuwa Josiah Wedgwood, mfinyanzi mashuhuri. Vyombo vyake vya udongo vilikuwa vikivunjika njiani juu ya migongo ya farasi, lakini majini mzigo hautikisiki. Mwaka wa 1766 yeye mwenyewe alishika jembe akachimba udongo wa kwanza wa mfereji wa Trent na Mersey. Mfereji huo, wenye urefu wa kilomita 150 hivi, ulimalizika mwaka wa 1777, ukaunganisha pwani ya magharibi ya nchi na ile ya mashariki. Brindley hakuuona mwisho wake, kwani alifariki mwaka wa 1772. Katika miaka ya 1790 matajiri walishikwa na wazimu wa kununua hisa za kampuni za mifereji, na mifereji mingine ilichimbwa mahali ambapo haikuweza kuleta faida kamwe. Ilipofika miaka ya 1830, Uingereza na sehemu nyingine za Britania zilikuwa na kilomita 6,400 hivi za njia za maji zilizoweza kupitisha vyombo.

Yatupasa kusimama kidogo na kuwakumbuka waliofanya kazi yenyewe. Wakati huo hapakuwa na tingatinga wala baruti nyingi. Maelfu ya vibarua walichimba kwa sururu, koleo na toroli, na vijiji vilivyo karibu viliwaogopa na kuwadharau. Majina ya akina Bridgewater na Wedgwood yamehifadhiwa. Majina ya vibarua hao hayakuandikwa isipokuwa kwa nadra. Kadhalika tukumbuke kwamba miongoni mwa bidhaa zilizopita katika mifereji hiyo, zikitoka bandari ya Liverpool kwenda viwanda vya Manchester, ilikuwamo pamba iliyochumwa na watumwa katika mashamba ya Marekani. Mifereji iliyotajirisha nchi moja ilikuwa na mizizi katika jua la nchi nyingine.

Nchi ya Uingereza haikukaa sawa kama meza. Ina vilima na mabonde. Je, mashua itapandaje kilima? Jibu lilikuwa lango la maji. Hili ni chumba kirefu cha mawe au matofali kilichojengwa ndani ya mfereji, chenye milango upande wa chini na upande wa juu. Mashua inayopanda huingia chumbani, na milango ya chini hufungwa nyuma yake. Kisha mtu huchukua mkono wa chuma, akazungusha mtambo unaofungua vilango vidogo vya upande wa juu. Maji ya juu humiminika ndani na kuiinua mashua taratibu, mpaka maji ya chumbani yalingane na maji ya mbele. Hapo milango ya juu hukubali kusukumwa, na mashua hutoka ikaendelea na safari. Hakuna injini ifanyayo kazi hiyo. Maji yenyewe ndiyo yanayoinua tani nyingi za mzigo. Katika mahali paitwapo Caen Hill, karibu na mji wa Devizes, yako malango 29 yanayofuatana katika mwendo wa kilomita 3 tu, nayo huipandisha mashua mita 72.

Ili kuokoa maji na fedha, malango mengi ya sehemu za katikati ya Uingereza yalijengwa kwa upana wa mita 2 na kidogo, na urefu wa mita 22 hivi. Hiyo ndiyo sababu mashua za huko ni ndefu na nyembamba kama ganda la mharagwe. Farasi mmoja, akitembea ukingoni na kuvuta kamba, aliweza kuikokota mashua yenye tani 25 au 30. Ukilinganisha na zile kilo mia na ushee za mgongoni, utaona mara moja kwa nini nchi nzima iliingiwa na tamaa ya mifereji.

Sasa na tuzitazame zile nyumba za kando ya maji. Kwa Kiingereza jina lao lina maana ya nyumba ya watu wote, nasi tutaziita baa kwa ufupi, ingawa zilikuwa zaidi ya mahali pa kunywea pombe. Farasi hawezi kuvuta mchana kutwa bila kupumzika. Ilimpasa mwenye mashua apate banda la kumlaza, nyasi kavu na shayiri za kumlisha, na mfua chuma wa kutengeneza viatu vyake. Yeye mwenyewe alihitaji mkate, nyama, mshumaa na habari za njiani: ni lango gani limevunjika, ni kiwanda gani kina mzigo wa kuchukuliwa. Mambo hayo yote aliyapata katika baa. Humo ndimo alimoachiwa ujumbe, na humo ndimo vibarua walimotafutwa. Mwaka wa 1830 Bunge lilipitisha sheria iliyomruhusu karibu kila mlipa kodi ya nyumba kuuza bia, mradi anunue leseni ya bei nafuu. Na baada ya hapo vilabu vya bia viliongezeka sana mahali pengi, pamoja na kando ya mifereji.

Majina ya baa hizo yanasimulia historia. Nyingine huitwa Mashua, nyingine Nanga, nyingine Bata Maji. Na nyingine huitwa kwa neno la zamani lililomaanisha njia ya vyombo, neno lile lile ambalo liliwapa vibarua wa mifereji jina lao la Kiingereza. Mfano mmoja mwema ni baa ya The Boat katika kijiji cha Stoke Bruerne, ambayo familia moja iliishika mwaka wa 1877 na kuirithisha vizazi kwa vizazi. Karibu na hapo pana handaki la Blisworth, lililofunguliwa mwaka wa 1805, lenye urefu wa karibu kilomita 2.8. Ndani ya handaki hilo hamkuwa na njia ya farasi. Farasi alifunguliwa akapitishwa juu ya kilima, na watu wawili walilala chali juu ya mbao zilizotokeza nje ya mashua, kila mmoja upande wake, wakaisukuma mashua kwa kutembeza nyayo zao juu ya kuta. Gizani humo, maji ya baridi yakiwadondokea usoni, walikwenda hivyo hadi upande wa pili. Wako watu waliofanya kazi hiyo kila siku kwa ujira, nao waliishi papo hapo Stoke Bruerne wakingojea mashua. Mgeni aketiye leo mbele ya baa hiyo na sahani yake ya chakula ameketi mahali ambapo watu hao walijinyosha migongo.

Mwaka wa 1830 reli ya kutoka Liverpool hadi Manchester ilifunguliwa, na siku za mifereji zikaanza kuhesabika. Gari la moshi lilikwenda kasi, halikuganda kwa baridi, wala halikuzuiwa na malango. Ule wembamba uliokuwa umeokoa gharama za ujenzi sasa uligeuka kasoro, kwani mashua haikuweza kukua, na gari la moshi liliweza. Kampuni za mifereji zilipunguza bei ili zisipoteze wateja, na nyingine zilinunuliwa na kampuni za reli zenyewe. Kwa mfano, mfereji wa Kennet na Avon, uliokuwa umekamilika mwaka wa 1810, ulinunuliwa na Great Western Railway mwaka wa 1852. Hapana haja ya kueleza kwamba mtu aliyemnunua mshindani wake hana hamu ya kumnenepesha.

Bei ziliposhuka, aliyeumia kwanza alikuwa mwenye kuendesha mashua. Hakuweza tena kulipa mfanyakazi, wala kulipa kodi ya nyumba ufukoni. Basi alimchukua mkewe na watoto, wakahamia mashuani. Chumba chao kilikuwa cha urefu wa mita 3 na upana wa mita 2, na humo walipika, wakalala, wakazaa na kuuguzana. Wanawake walishika usukani, na watoto wadogo walimwongoza farasi kwa masaa mengi, jua na mvua. Walikipenda chombo chao, wakakipamba kwa picha za mawaridi na ngome zilizopakwa rangi kali. Na mapambo hayo leo huuzwa kwa watalii. Lakini tusidanganywe na rangi. Mashua ilikuwa leo hapa na kesho kule, na mtoto asiyekaa mahali pamoja hapati mwalimu. Wengi wao walikua bila kujua kusoma hata jina lililoandikwa ubavuni mwa mashua yao.

Aliyeipigia kelele hali hiyo alikuwa George Smith wa Coalville, ambaye yeye mwenyewe alipokuwa mtoto alifanya kazi ngumu katika tanuri za matofali. Kwa juhudi yake Bunge lilipitisha sheria mwaka wa 1877, na nyingine mwaka wa 1884, zilizoagiza kwamba kila mashua ya kukaliwa iandikishwe, idadi ya wakaaji iwekewe mpaka, na watoto wahesabiwe kuwa wa mji fulani ili waingie shule. Sheria ni jambo moja na utekelezaji ni jambo jingine. Kwa miaka mingi baadaye watoto wa mashuani waliendelea kupata elimu ya kudokoa, siku mbili hapa na siku moja pale. Mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha watoto wa wafugaji wanaohamahama ataifahamu shida hiyo bila kuelezwa.

Wakati mifereji ilipokuwa ikififia, starehe ya majini ilikuwa ikichanua mahali pengine, yaani katika mto Thames. Ajabu ni kwamba aliyeileta ni yule yule adui, gari la moshi. Makarani na wauza maduka wa London, waliopewa sikukuu mpya kwa sheria ya mwaka wa 1871, waliweza sasa kupanda gari asubuhi, kukodi mashua ya makasia, kupiga kasia hadi kwenye baa ya kando ya mto, na kurudi nyumbani usiku. Mwaka wa 1885 Bunge lilitunga sheria iliyoukubali mto huo, katika sehemu yake ya juu, kuwa mahali pa mapumziko ya watu wote. Miaka 4 baadaye mwandishi Jerome K. Jerome alitoa kitabu cha kuchekesha juu ya marafiki watatu na mbwa waliosafiri kwa mashua kutoka Kingston hadi Oxford, na kitabu hicho kiliwatia watu wengi hamu ya kuiga safari hiyo. Hivyo Waingereza walijifunza kwamba chombo cha majini chaweza kuwa cha furaha. Lakini mifereji bado waliiona kuwa mitaro michafu ya nyuma ya viwanda.

Mtu aliyeyabadilisha macho yao alikuwa mhandisi mmoja, L. T. C. Rolt, aliyezaliwa mwaka wa 1910. Mwezi wa Julai 1939 yeye na mkewe Angela waliondoka mji wa Banbury katika mashua ya zamani iitwayo Cressy, ambayo waliigeuza nyumba. Vita Kuu ya Pili iliwakuta njiani. Rolt aliandika kitabu juu ya safari hiyo, kikatoka mwaka wa 1944, nacho kilieleza uzuri wa mifereji na heshima ya watu wake katika siku zao za mwisho. Msomaji mmoja, Robert Aickman, alimwandikia barua, na mwaka wa 1946 walianzisha chama cha kuitetea mifereji. Baadaye wawili hao walihitilafiana, wakaachana. Lakini mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa.

Vita vyao vya kwanza vilikuwa juu ya daraja. Katika mfereji wa Stratford, upande wa kaskazini, palikuwa na daraja la kuinuliwa mahali paitwapo Lifford. Lilipoharibika, kampuni ya reli iliyoumiliki mfereji iliweka mahali pake daraja la chini lisiloinuka, na mashua hazikuweza kupita. Kampuni iliona hapana hasara, kwani ni nani apitaye? Lakini sheria iliyoruhusu kuchimbwa kwa mfereji huo, tangu karne ya 18, ilimpa kila mtu haki ya kupita, na haki hiyo haikuwa imefutwa. Swali liliulizwa katika Baraza la Malodi, na jibu likatolewa kwamba daraja litainuliwa endapo mtu yeyote atatoa taarifa kwamba anataka kupita. Rolt akatoa taarifa. Mwezi wa Mei 1947 Cressy ilijikokota katika takataka na majani ya majini mpaka Lifford, na wafanyakazi wa reli walikuwapo wakiliinua daraja kwa mitambo ili mashua moja tu ipite. Kampuni kubwa ilishindwa na kipande cha sheria mkononi mwa mtu aliyeisoma.

Mwaka uliofuata, 1948, mifereji mingi ilitwaliwa na serikali, lakini hatari haikuisha. Mwaka wa 1950 chama kiliitisha mkutano wa mashua katika mji wa Market Harborough, na mashua zaidi ya 100 zilifika, zikitazamwa na makumi ya maelfu ya watu. Hata hivyo, mwaka wa 1958 halmashauri ya wilaya ilitaka sehemu ya kusini ya ule mfereji wa Stratford ifungwe kabisa, ili ijengewe daraja la bei rahisi. Hoja yao ilikuwa kwamba mfereji huo haujatumiwa kwa miaka mitatu. Basi wakatokea mume na mke waliokuwa wamepita humo kwa mtumbwi wao mdogo, nao walikuwa wameziweka risiti za ushuru walioulipa, zenye tarehe. Karatasi hizo mbili tatu zilisaidia kuuokoa mfereji wa kilomita 21. Ombi la halmashauri lilikataliwa.

Kuokolewa kwa sheria hakutoshi. Malango yalikuwa yameoza na tope limejaa. Kazi ya kuutengeneza upya ilianza mwaka wa 1961, chini ya uongozi wa David Hutchings. Wafanyakazi wake walikuwa watu wa kujitolea waliokuja mwisho wa juma, maskauti, askari, na wafungwa kutoka gereza la Birmingham. Wengi waliokuja hawakuwa na ujuzi wowote ila mikono yao. Tarehe 11 Julai 1964 mama yake Malkia Elizabeth wa Pili aliufungua mfereji huo huko Stratford-upon-Avon, mji alikozaliwa Shakespeare, ambaye tamthilia yake moja sisi wa Afrika Mashariki tuliisoma kwa Kiswahili cha Mwalimu Julius Nyerere tangu mwaka wa 1963. Kwa mara ya kwanza nchi nzima iliona kwamba mfereji uliokufa waweza kufufuliwa, tena kwa gharama ndogo kuliko ya kuuzika.

Ushindi huo ulikuwa na upande wake wa huzuni. Katika majira ya baridi ya mwaka wa 1962 na 1963 mifereji iliganda kwa majuma mengi, mashua za mizigo zikakwama, na wateja waliobaki wakahamia barabarani. Baadaye mwaka ule ule wa 1963 idara ya serikali iliyosimamia njia za maji iliacha karibu uchukuzi wote wa mashua nyembamba. Familia zilizozaliwa majini ziliteremka ufukoni, nyingine zikaingia katika nyumba kwa mara ya kwanza. Tazama jinsi mambo yalivyofuatana: mwaka mmoja mchukuzi aliondoka, na mwaka uliofuata mfereji wa Stratford ukafunguliwa kwa ajili ya watu wa likizo. Sheria ya mwaka wa 1968 ilithibitisha mabadiliko hayo, kwani ilizitenga njia za maji za biashara mbali na zile za matembezi, na serikali ikakubali kuzitunza hizi za pili kwa ajili ya starehe. Mifereji mingine ikafuata mfano wa Stratford. Ule wa Kennet na Avon, pamoja na malango yote 29 ya Caen Hill, ulifunguliwa tena na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka wa 1990.

Tangu mwaka wa 2012 sehemu kubwa ya mifereji ya Uingereza na Wales, kilomita 3,200 hivi, imekuwa chini ya shirika la hisani liitwalo Canal & River Trust. Mashua zenye leseni ni zaidi ya 30,000, nazo zinazidi idadi ya zile za enzi ya makaa ya mawe. Mabanda ya farasi yamegeuzwa vyumba vya kulia, na watoto wa shule hupelekwa kuona jinsi lango la maji linavyofanya kazi. Lakini tusifikiri kwamba hadithi imekwisha kwa raha. Katika London kodi za nyumba zimepanda mno, na maelfu ya watu wamehamia mashuani kwa sababu hawawezi kulipia nyumba, kama walivyofanya wachukuzi wa karne ya 19. Tena mwaka wa 2023 serikali ilitangaza kwamba msaada wake kwa shirika hilo utapunguzwa kila mwaka kuanzia mwaka wa 2027. Kuta za miaka 200 hazijui habari za bajeti, zisipotengenezwa hubomoka.

Tunajifunza nini? Kwanza, kwamba starehe ya leo ina deni. Kila jiwe la lango liliwekwa na mtu aliyechoka, na katika baa nyingi za kando ya maji palikuwa na farasi aliyelala akitoka jasho. Asafiriye humo kwa furaha hafanyi kosa, mradi ajue anapita juu ya kazi ya nani. Pili, kwamba mali ya umma haifi siku moja. Huanza kufa watu wanapoacha kuitumia, kisha husahaulika, kisha mtu mwenye nguvu huja akasema haina mwenyewe. Njia za miguu, viwanja vya michezo, misitu na fuo zetu zaweza kupotea kwa namna hiyo hiyo. Waliouokoa mfereji wa Stratford hawakuwa matajiri wala wakubwa. Mmoja alitoa taarifa kwamba anataka kupita. Wengine wawili waliweka risiti za ushuru. Na mamia walikuja na koleo mwisho wa juma. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo zao zilikuwa hizo.